Ngama, Upo na Pampu

Katika pwani ya Kaskazini, kuanzia Moa iliyo jirani na mpaka wa Kenya hadi Tanga na Pangani, mashua ya mbao iliyofungwa mashine si jambo geni tena. Baada ya mashine hufuata betri, baada ya betri taa, na baada ya taa pampu ndogo ya umeme ya kutolea maji yanayokusanyika chini ya chombo. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayelaumu maendeleo hayo. Lakini pamoja na pampu imeingia fikra moja ambayo naiona kuwa ya hatari, nayo ni kwamba usalama wa chombo hupimwa kwa ukubwa wa tarakimu iliyochapwa kwenye boksi la pampu. Mwenye mashua akiona maji yanazidi, hununua pampu yenye tarakimu kubwa zaidi, akalala usingizi. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba tarakimu hiyo haisemi anachodhani inasema, na kwamba fizikia ya kidato cha pili na cha tatu inatosha kabisa kulithibitisha jambo hili.

Si suala la anasa. Atokaye Moa kwenda Pemba huvuka zaidi ya kilomita 50 za bahari, na kina cha Mkondo wa Pemba hufikia mita 800 hivi. Hapana mahali pa kutia nanga ili mtu atengeneze pampu iliyogoma.

Kwanza tuafikiane juu ya majina. Maji yaliyotuama chini ya chombo, na sehemu yenyewe ya chini yanamotuama, mabaharia wetu huyaita ngama. Mahali palipoachwa wazi ili maji yachotwe ni banduru. Kifaa cha kuchotea ni upo, na kazi ya kuchota na kumwaga nje ni kufua maji. Nayataja kwa makusudi, kwa sababu nimepata kuona walimu wazuri wakihangaika kutafsiri maneno haya kutoka vitabu vya Kiingereza, hali babu wa mwanafunzi aliyeketi dawati la mbele anayo yote mdomoni.

Ngama ina umri sawa na chombo cha mbao. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, uliendelea kuonekana mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, na ulijulikana kwa kuvuja. Kufua maji ilikuwa sehemu ya safari kama vile kushika usukani. Mashua ya leo ina misumari, na maungo ya mbao zake hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, lakini kanuni haijabadilika. Mbao hunywa maji zikavimba na kuziba nyufa. Zikianikwa juani siku nyingi hunywea, na nyufa hufunguka. Chombo cha mbao kisichovuja hata tone ni nadra. Swali la kuuliza ni: kinavuja lita ngapi kwa saa?

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Maji yanayoingia kwa tundu lililo chini ya usawa wa bahari huingia kwa kasi ileile ambayo kitu kingeipata kama kingeanguka kutoka usawa huo hadi kwenye tundu. Kanuni hii ni ya Torricelli, Mtaliani wa karne ya 17: mraba wa kasi ni sawa na mara mbili ya mchapuko wa graviti ikizidishwa kwa kina. Chukua tundu la kipenyo cha sentimita 2.5, mfano bomba lililochomoka, likiwa sentimita 50 chini ya maji. Kasi ni karibu mita 3.1 kwa sekunde. Eneo la tundu ni karibu sentimita 4.9 za mraba. Kwa kuwa mkondo wa maji hujikaza unapopita tunduni, tuchukue sita ya kumi tu ya jibu, nasi tutapata karibu lita 55 kwa dakika, yaani lita 3,300 kwa saa. Kipenyo cha tundu kikiwa maradufu, maji huwa mara nne: zaidi ya lita 13,000 kwa saa. Nawaomba wanafunzi warudie hesabu hii kwa mikono yao wenyewe kabla ya kuniamini.

Sasa tulinganishe na tarakimu ya kwenye boksi. Pampu moja ya kawaida huandikwa kuwa inatoa galoni 1,100 kwa saa. Galoni hizo aghalabu ni za Kimarekani, lita 3.785 kila moja, si zile za Kiingereza za lita 4.546 ambazo wazee wetu walizizoea. Kwa hiyo ni karibu lita 4,160, si 5,000. Mnunuzi amekwisha kupunjwa lita 800 na zaidi kabla hajafungua boksi, wala hakuna aliyemdanganya.

Hayo ni mambo madogo. Jambo kubwa ni kwamba tarakimu hiyo hupimwa pampu ikisukuma maji bila kuyapandisha, bila bomba refu, na betri ikiwa inachajiwa kikamilifu. Chomboni hali ni nyingine kabisa. Pampu hizi ndogo zina pangaboi linalozungusha maji na kuyatupa pembeni. Hazina pistoni inayoyalazimisha maji yaende. Kila yanapopandishwa juu zaidi, ndivyo yanavyotoka machache, mpaka hufika kimo ambapo pangaboi linazunguka na motaa inavuma lakini hakitoki kitu. Kutoka banduru hadi ukingo wa mashua ni mita moja au zaidi.

Kisha kuna bomba. Fundi asiye na bomba la milimita 28 hufunga la milimita 19, akakaza kibano, kazi ikaonekana nadhifu. Lakini ukinzani wa bomba kwa maji yaendayo kasi hubadilika takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Gawanya 28 kwa 19, kisha zidisha jibu kwa lenyewe mpaka lihesabiwe mara tano: utapata karibu 7. Yaani, kusukuma kiasi kilekile cha maji katika bomba hilo jembamba kunadai kanieneo iliyo kubwa karibu mara saba, ambayo pampu haina. Bomba la mikunjomikunjo ndani, linalopendwa kwa kuwa hupinda bila kuvunjika, ni baya kuliko laini.

Na kuna waya. Waya wa shaba wenye eneo la milimita za mraba 0.75, ukitoka kwenye betri hadi kwenye pampu mita 6 na kurudi mita 6, una ukinzani wa karibu omu 0.28. Pampu ikila ampea 4, volti 1.1 hupotea njiani. Mtu atasema volti moja si kitu. Lakini ni karibu asilimia 9 ya volti 12. Mzunguko wa motaa hupungua karibu kwa kadiri hiyo, na kimo ambacho pampu inaweza kupandisha maji hufuata mraba wa mzunguko, kwa hiyo hupungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Ukijumlisha kimo, bomba na waya, si ajabu pampu ya lita 4,160 ikatoa lita 2,000. Lile tundu letu la sentimita 2.5 lilikuwa likiingiza 3,300.

Je, mtu mwenye ndoo hufanyaje? Mwenye afya, akiwa na ndoo ya lita 10, anaweza kwa dakika chache za mwanzo kumwaga ndoo 10 kwa dakika, yaani lita 100, au 6,000 kwa saa kama angeweza kuendelea. Hawezi. Tazama sababu yake. Kuinua lita 10 kwa mita moja ni kazi ya jouli 98. Lakini kila anapoinama na kuinuka huinua pia mwili wake: kama sehemu ya juu ya mwili ina kilo 40 na hupanda sentimita 30, hizo ni jouli 118 nyingine. Zaidi ya nusu ya jasho lake linatumika kuinua mgongo wake mwenyewe. Kinachomchosha si ngama. Ni namna ya kufua.

Kwa hiyo pampu ya mkono yenye mpini na kiwambo cha mpira, iliyofungwa imara mahali ambapo nahodha anaweza kuivuta akiwa ameketi na mkono mwingine u kwenye usukani, ni chombo cha maana sana. Mwendeshaji hainami, na maji hayategemei betri. Kiwambo hupitisha uchafu ambao ungekwamisha pangaboi. Kanuni yake ni ya zamani mno: katika kitabu alichokimaliza mwaka 1206, al-Jazari alieleza pampu ya pistoni mbili zenye kufanya kazi kwa zamu, na kabla yake sana, Athenaeus aliandika kwamba katika meli kubwa ya mfalme Hieron wa Sirakusa mtu mmoja tu aliweza kutoa ngama yote kwa parafujo ya Archimedes. Hapa kwetu, pampu za kukanyaga kwa miguu za kumwagilia mashamba zimesambazwa tangu miaka ya 1990 na shirika la ApproTEC la Nairobi, ambalo tangu 2005 huitwa KickStart. Misuli ya miguu ina nguvu kuliko ya mikono. Sioni kwa nini mafundi wa Tanga wasiweze kuunda pampu ya ngama ya namna hiyo, yenye kiwambo cha mpira na vali mbili za ngozi au mpira, ambayo vipuri vyake havisubiri meli kutoka ng'ambo.

Basi pampu ya umeme ina faida gani? Hapa napenda nieleweke vizuri, maana sitaki kuhesabiwa miongoni mwa wanaokataa kila kipya. Pampu yetu ya ampea 4 kwa volti 12 hula wati 48, chini ya wati 75 ambazo mtu mzima hukadiriwa kuweza kuzitoa kwa saa kadhaa za kazi. Haimshindi mtu nguvu. Inamshinda kwa kukesha. Mashua iliyotia nanga usiku, ikivuja lita 20 kwa saa, asubuhi baada ya saa 10 ina lita 200; pampu ndogo yenye swichi ya kiboya huzitoa bila kumwamsha mtu. Kazi yake halali ni hiyo ya mlinzi wa usiku, na kwa kazi hiyo ile ndogo yatosha.

Hata mlinzi huyo ana mipaka. Betri ya ampea-saa 70 isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 35. Kwa ampea 4 hizo ni saa zisizozidi 9 za kufua mfululizo, na hapo taa na chaji za simu hazijadai haki yake. Mashine nyingi ndogo za nyuma huwashwa kwa kamba na hazichaji betri. Bamba la jua la wati 20, likipata saa 5 za jua kali, huleta wati-saa 100, ambazo ni kama saa mbili tu za kazi ya pampu ile. Aidha, pampu iliyo kimya kabisa huficha ugonjwa. Chombo kinachovuja lita 20 leo na 60 mwezi ujao hakitamwonyesha mwenyewe dalili yoyote mpaka siku betri itakapokwisha. Kwa sababu hiyo kila pampu yenye swichi ya kiboya iambatane na taa au kengele, na mtu ahesabu inawaka mara ngapi kwa usiku.

Yapo yanayohitaji maneno machache tu. Petroli ikimwagika, mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hushuka chini kwenye ngama. Motaa ya gari iliyogeuzwa kuwa pampu hutoa cheche hapohapo, na matokeo yake yanajulikana. Pampu iwe ile iliyofungwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, na fyuzi iwe karibu na betri. Magamba na nyuzi za nyavu huziba chujio. Vijitundu vilivyo chini ya mataruma visipozibuliwa, maji hayafiki banduru, na pampu hukaa pakavu huku omo imejaa. Mdomo wa bomba ukiwa karibu na usawa wa bahari, chombo kikilala upande kwa tanga, bahari hurudi ndani kwa njia ileile. Bomba lipandishwe mpaka karibu na ukingo kabla ya kutoka nje.

Lakini uzito wa ngama unahitaji zaidi. Maji ya kina cha sentimita 10 katika sehemu ya chini yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.5 ni mita za ujazo 0.6, na kwa maji ya bahari ni zaidi ya kilo 600. Huo ni uzito wa watu tisa. Tena watu tisa huweza kuambiwa wakae kimya, maji hayaambiwi. Chombo kikiinama, yote hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito palepale unapodhuru. Athari hiyo hufuata mchemraba wa upana wa uso wa maji: upana ukiwa maradufu, athari ni mara nane. Ndiyo maana ngama iliyotandaa ni ya hatari kuliko ileile iliyokusanyika katika banduru nyembamba, na ndiyo maana desturi ya kufua mapema, ambayo vijana wengine huiona ni uoga wa wazee, ina hesabu kamili nyuma yake.

Hapa lazima niwaseme kidogo wenye vyombo vya kuwachukua wageni kwenda kwenye visiwa na mafungu ya mchanga, kama vile Maziwe mbele ya Pangani. Vyombo hivi hupakwa rangi vizuri, hutiwa mito na kivuli, na pampu hufichwa chini ya sakafu iliyopigiliwa misumari ili isiwachukize wageni. Pampu isiyoweza kufikiwa kwa mkono katika nusu dakika ni mzigo. Na upo umetupwa, eti ni alama ya umaskini. Mimi ningeutaka upo, au ndoo imara yenye kamba, katika kila chombo, hata kile chenye pampu tatu.

Utaratibu ningeupanga hivi. Fedha ya kwanza iende kwenye kalafati, maana lita ambayo haikuingia haihitaji kutolewa. Ya pili iende kwenye pampu ya mkono. Ya tatu kwenye pampu ndogo ya umeme iliyokaa chini kabisa ya banduru, kwa bomba pana na waya mnene. Akibaki na fedha, afunge pampu kubwa juu kidogo ya ile ndogo, yenye betri yake na kengele yake, isiyowahi kulowa ila siku ya shari. Wengi hufuata utaratibu huu kwa kuanzia mwisho.

Nitajibiwa kwamba wavuvi hawana muda wa hesabu. Hesabu niliyoiombea muda ni ndogo. Maji yakipwa, mashua ikikaa mchangani, mwagia maji ndani na utazame nje ni mbao zipi zinazotoa machozi. Tia alama ya mkaa. Chombo kikielea, kaushe ngama, subiri saa moja, fua tena kwa kipimo cha lita: hiyo ndiyo tarakimu ya chombo. Kisha elekeza bomba la pampu kwenye ndoo ya lita 20 iliyoshikwa ukingoni na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, pampu inatoa lita 1,800 kwa saa, liseme boksi lisemavyo. Ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo Tanzania Bara uko mikononi mwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na ningependa jaribio hili la ndoo liwe sehemu ya kila ukaguzi, kwa sababu kuona tu kwamba pampu ipo hakusemi chochote juu ya kazi yake.

Walimu wa shule zilizo pwani wana maabara isiyo na kodi. Wanafunzi wa Moa wakipewa saa ya mkononi, ndoo na daftari wanaweza kupima mashua kadhaa kwa asubuhi moja ya maji kupwa na kujaa, wakachora grafu ya lita zinazovuja dhidi ya siku tangu chombo kilipokalafatiwa. Shule za bara zisijione zimetengwa. Debe likitobolewa tundu la milimita 5 karibu na kitako, na maji yakiongezwa polepole ili kina juu ya tundu kibaki sentimita 30, yatatoka karibu lita 1.7 kwa dakika. Kabla ya kurudia jaribio kwa kina cha sentimita 7.5, mwalimu awaulize wanafunzi waandike wanachotarajia. Wengi wataandika kwamba maji yatapungua hadi robo. Yatapungua hadi nusu tu, na hivyo ndivyo tundu lililo karibu na uso wa bahari, ambalo baharia hulidharau, linavyojaza chombo.